Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu: mliajiri sauti yangu, hamkuinunua

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi

YAH: MATUMIZI YA SAUTI ZA WATANGAZAJI NA WAIGIZAJI BILA RIDHAA YAO

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salaam na heshima kwako na kwa wajumbe wote wa Bodi.

Naandika hadharani jambo ambalo nilitamani limalizike ofisini. Nilianza kwa mkuu wa vipindi, akanielekeza kwa ofisa rasilimali watu. Huyo akanipeleka kwa mwanasheria wa kituo, na mwanasheria akanirudisha kwa mkuu wa vipindi. Barua zangu zilipokelewa na kugongwa mhuri. Nakala ninazo, majibu sina. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa sina nia ya kukivunjia heshima kituo kilichonilea, na wanaohusika watajitambua kabla hawajafika katikati ya barua hii.

Kwa wajumbe wasionifahamu: nasoma taarifa ya habari, naendesha kipindi cha asubuhi, na nikitoka hewani naingia studio ya pili kufanya kazi za sauti. Huko nasoma matangazo ya biashara, naigiza michezo ya redio na vipindi vya watoto, naingiza sauti kwenye katuni, na narekodi zile sauti za simu zinazomwomba mteja asubiri kidogo. Wengi wetu katika fani hii tunafanya yote mawili, utangazaji na uigizaji wa sauti, kwa sababu moja peke yake haitoshi kuendesha nyumba. Malalamiko yangu yanagusa pande zote mbili, nami nayapanga hapa moja baada ya jingine.

1. Sauti yangu inasoma matangazo ambayo sijawahi kuyasoma

Msikilizaji mmoja alinipigia simu kunilaumu. Alikopa kwenye kampuni fulani ya mikopo kwa sababu alisikia mimi ndiye niliyeisifia, akaamini, na sasa riba inamtoa jasho. Nikamwambia sijawahi kusoma tangazo la kampuni hiyo. Akanitumia rekodi.

Ilikuwa sauti yangu. Niliposikiliza mara ya kwanza nilidhani nimesahau, maana tunasoma matangazo mengi na mengine huyakumbuki hata kesho yake. Niliporudia ndipo nikasikia kinachokosekana: hakuna pumzi. Mimi huvuta pumzi kabla ya kutaja namba ya simu. Fundi mitambo wangu wa kwanza alinifundisha hivyo ili msikilizaji apate nafasi ya kutafuta kalamu. Kwenye tangazo lile namba ilikuja mfululizo, kavu, kama haikutoka kifuani mwa mtu. Na neno "riba" lilitamkwa kwa furaha ambayo hakuna mtangazaji mwenye akili timamu angeliwekea.

Idara ya biashara ilikiri kwa mdomo, si kwa maandishi, kwamba rekodi za vipindi vyangu kutoka maktaba ya kituo zilipelekwa kwa kampuni ya programu ili itengenezwe nakala ya sauti, yaani mashine iweze kusoma maneno yoyote kwa sauti yangu. Niliambiwa ni "majaribio". Majaribio gani yanayorushwa hewani yakiwa na jina la mteja na namba yake ya simu?

Mheshimiwa, inawezekana hujaelezwa jinsi jambo hili lilivyo jepesi siku hizi. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza mfumo wa VALL-E, unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sampuli yake ya sekunde 3. Machi 2024 kampuni ya akili mnemba ya OpenAI ilieleza kuhusu mfumo wake wa Voice Engine, unaohitaji sekunde 15, na kampuni yenyewe ikasema haitaufungulia umma kwa upana kwa wakati huo kwa kuhofia matumizi mabaya. Hao ni waliotengeneza kitu, nao wanakiogopa. Nyinyi mmekabidhi maktaba nzima.

Tena si sauti ya mtu yeyote tu, ni ya msoma habari. Januari 2024, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwataka wasijitokeze kwenye uchaguzi wa mchujo. Ilikuwa sauti ya kutengenezwa. Mwezi uliofuata, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikatamka kwamba simu za kujiendesha zenye sauti za namna hiyo zinabanwa na sheria yao ya mwaka 1991, na baadaye aliyepanga simu zile akatozwa faini ya dola milioni 6. Iliwachukua wiki chache tu kuona hatari. Na kwa maoni yangu sauti ya mtangazaji ni hatari zaidi kuliko ya mwanasiasa. Mtu akimsikia mwanasiasa, shaka anayo tayari mfukoni. Akinisikia mimi saa moja asubuhi nikisema barabara imefungwa kwa mafuriko, anageuza gari. Imani hiyo ndiyo mnayoikodisha kwa kampuni za mikopo, na siku itakapotumika kutangaza jambo zito la uongo, kituo hakitakuwa na namna ya kumshawishi msikilizaji kwamba safari hii siye mimi.

2. Mkataba tunaosainishwa hauna mwisho

Nimeusoma upya, kifungu kwa kifungu. Unasema kituo kinaweza kutumia rekodi "kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa, mahali popote, bila kikomo cha muda". Niliusaini nimesimama mlangoni mwa studio, skripti mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, mteja akiwa ameshakaa upande wa pili wa kioo anaangalia saa. Hakuna aliyenieleza maana ya "itakayobuniwa", na sidhani kama aliyeuandika mwenyewe alijua. Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia, isipokuwa hapa mbuzi ni mimi.

Katika fani hii, kwa wanaoifanya vizuri, malipo ya tangazo yana sehemu mbili. Kuna malipo ya kuingia studio na kurekodi, na kuna malipo ya matumizi: litarushwa wapi, kwa muda gani, kwenye redio tu au na kwingineko. Muda ukiisha, mteja analipia upya au anaacha kulirusha. Mkataba wenu umeyafuta hayo yote kwa sentensi moja.

Matokeo yake tumeyaona kwa wengine. Bev Standing, mwigizaji wa sauti wa Kanada, alirekodi kazi aliyoelezwa kuwa ni ya tafsiri. Baadaye akasikia sauti yake ikisoma maandishi ya watu kwenye TikTok, mengine machafu. Mwaka 2021 alifungua kesi, na pande mbili zikamalizana mwaka huohuo. Sauti ile ikabadilishwa. Yeye alikuwa na uwezo wa kupata wakili. Kijana aliyeanza kazi kwetu juzi hana.

3. Tunalipwa zamu moja kwa kazi ya miaka

Hili ni fupi. Niliwahi kurekodi tarakimu kwa ajili ya mfumo wa simu: sifuri hadi tisa, kila moja kwa namna tatu, sauti ikipanda, ikilala sawa, na ikishuka, ili mashine iweze kuunga namba yoyote bila kusikika imekatwakatwa. Ukisema "saba" mara nyingi kiasi hicho, neno linapoteza ladha mdomoni. Nililipwa zamu moja. Mfumo ule umeuzwa kwa kampuni moja baada ya nyingine, na hadi leo nikipiga simu kuuliza salio nahudumiwa na mimi mwenyewe.

Marekani, Susan Bennett alirekodi sentensi zisizo na kichwa wala miguu mwezi Julai 2005, akalipwa kwa saa za studio. Oktoba 2011 mwenzake akamwandikia kumuuliza kama si yeye anayesikika kwenye simu mpya za iPhone kwa jina la Siri, ile sauti inayomjibu mwenye simu anapoiuliza jambo. Hakuwa na habari. Mamilioni ya watu walikuwa wakizungumza naye, yeye mwenyewe hajui.

4. Koo zetu zinachukuliwa kama vifaa vya studio, ila vifaa vina ratiba ya matengenezo

Katika mazungumzo ya kawaida, nyuzi za sauti za mwanamume hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na za mwanamke karibu mara 200. Hapo mtu anaongea tu. Sasa mpe mchezo wa redio wenye vita: apige kelele ya kukabwa, ya kuanguka, ya kuungua, kisha arudie yote kwa sababu mwelekezi anataka "maumivu zaidi kidogo". Kwa kawaida kelele hizi huwekwa mwisho wa kurekodi, baada ya mistari yote kukamilika, kwa sababu zikitangulia hakuna sauti itakayobaki. Studio yetu inaziweka popote panapoifaa ratiba. Mwenzangu alipiga mayowe ya kundi zima la watu wanaokimbia moto, peke yake, tukimrekodi tena na tena ili sauti zipangwe moja juu ya nyingine zisikike nyingi, na alfajiri iliyofuata alipangwa kusoma habari. Alisoma. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama anaumwa. Mkuu wa zamu akamwambia anywe maji ya uvuguvugu.

Maji ya uvuguvugu si matibabu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki nne, mtu anatakiwa aangaliwe koo na daktari, kwa sababu huenda vinundu vimeota kwenye nyuzi za sauti, au kuna kubwa zaidi ya hapo. Bima yetu haigusi uchunguzi huo. Mwenzangu huyo alijilipia.

Waigizaji wa sauti wa michezo ya video nchini Marekani waligoma kuanzia tarehe 21 Oktoba 2016, na moja ya madai yao lilikuwa kwamba kazi za kupiga mayowe zisizidi muda wa saa 2 kwa awamu moja ya kurekodi, badala ya 4. Watu hawaachi mishahara kwa karibu mwaka mzima kwa sababu ya deko.

5. Majina yetu yameondolewa

Tangu mwaka jana tumeagizwa tusijitaje mwishoni mwa taarifa ya habari. Sababu tuliyopewa ni kwamba "chapa ni kituo, si mtu". Kwenye katuni ndiyo kabisa: orodha ya mwisho inamtaja aliyeendesha gari la kubeba vifaa, sisi hatumo.

Naiomba Bodi itazame historia ya kazi hii. BBC kwa miaka mingi iliwataka wasoma habari wake wasijitaje, kwa hoja ileile ya kwenu. Mwaka 1940, vita ikiwa imepamba moto na hofu ya kuvamiwa ipo, ilibadilisha msimamo na kuwaagiza waseme majina yao kabla ya kusoma. Ilitaka wasikilizaji wazoee sauti pamoja na jina, ili adui akiteka mitambo na kuweka mtu wake, watambue. Yaani shirika lile liliona kwamba jina la mtangazaji ni kinga dhidi ya sauti bandia, tena wakati ambapo bandia ilihitaji mtu mzima kabisa aketi mbele ya kipaza sauti. Sisi tumeondolewa majina katika kipindi ambacho bandia haihitaji hata mtu.

Sasa niingie kwenye majibu ambayo huenda yanaandaliwa.

Mtasema rekodi ni mali ya kituo. Nakubali. Rekodi ni yenu, studio ni yenu, umeme mlilipa. Lakini rekodi ni kitu kimoja na sauti ni kingine. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwapa haki watu wa aina tatu, kila mmoja na zake: waigizaji na wasanii, watayarishaji wa rekodi, na mashirika ya utangazaji. Anayemiliki kanda hakupewa kwa sababu hiyo kila alicho nacho aliyesikika ndani yake. Najua mwanasheria wa kituo atasimama hapo na kusema mkataba ule unawahusu wanaoigiza, kuimba au kughani kazi za fasihi na sanaa, na msoma habari hatajwi. Ni kweli, hatajwi. Ndiyo maana mkataba wetu wa kazi ulipaswa kuliziba pengo hilo, si kulipanua. Na kwa upande wa michezo ya redio, sisi ni waigizaji bila ubishi wowote.

Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ya mwimbaji Bette Midler dhidi ya kampuni ya magari ya Ford. Midler alikataa kuimba kwenye tangazo lao, wakala wa matangazo akamtafuta mwimbaji mwingine na kumwelekeza aige. Wimbo walikuwa na kibali cha kuutumia. Mahakama ikasema sauti ni alama ya mtu kama ulivyo uso wake, na kuiga kwa makusudi sauti inayojulikana ili kuuza bidhaa ni kumwibia mwenyewe. Na jimbo la Tennessee lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inayoilinda sauti ya mtu dhidi ya nakala za akili mnemba. Hizo si sheria zetu, nalijua hilo. Nazitaja ili isisemwe kwamba ninachodai ni kioja nilichokiota.

Mtasema pia kwamba teknolojia haizuiliki na kwamba naogopa kupitwa. Sijaomba izuiwe. Mwigizaji Val Kilmer alipopoteza sauti kwa saratani ya koo, kampuni moja ilimtengenezea nakala kutoka rekodi zake za zamani, na mwaka 2021 akaitumia hadharani. Aliridhia mwenyewe, ikamsaidia. Waigizaji wa Hollywood waligoma siku 118 mwaka 2023, na makubaliano yaliyomaliza mgomo hayakupiga marufuku nakala za kidijitali. Yaliweka ridhaa na malipo. Mambo mawili tu, na kwetu yote mawili hayapo.

Hoja kwamba vijana wanaotaka nafasi zetu wamejaa getini sitaijibu kwa urefu. Hao vijana nao wana makoo, na wao ndio watakaosaini kifungu cha "itakayobuniwa".

Kuhusu hali ya fedha, siwezi kubishana na vitabu nisivyoviona. Ila kampuni ya mikopo ililipia tangazo lile. Kama kituo kilipokea fedha kwa sauti yangu, basi fedha ilikuwepo. Haikunifikia tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, naomba haya yafuatayo.

Kwanza kabisa, nakala ya sauti yangu, na ya mtangazaji mwingine yeyote ambaye hakuridhia, ifutwe kwenye mitambo ya kituo na ya kampuni iliyoitengeneza. Kampuni hiyo ithibitishe kwa maandishi kwamba haikubakiza sampuli wala kuitumia kufundishia programu nyingine. Kuambiwa "tumeshaondoa" haitoshi, nimeshaambiwa mengi kwa mdomo. Pamoja na hilo, nipewe orodha ya matangazo yote yaliyotengenezwa kwa nakala hiyo na tarehe yalizorushwa, na kituo kiwaambie wasikilizaji hewani kwamba sikuyasoma mimi. Yule msikilizaji aliyekopa anastahili kusikia hilo kutoka kwenu.

Pili, kifungu cha matumizi yasiyo na kikomo kiondolewe kwenye mikataba yote. Ridhaa ya kutengeneza nakala ya sauti iwe waraka wa peke yake, usiochanganywa na mkataba wa ajira, utaje kazi gani na kwa muda gani, na anayekataa asipunguziwe zamu kwa kukataa kwake. Mkataba utumwe siku kadhaa kabla ya kurekodi. Mlangoni mwa studio si mahali pa kusomea sheria.

Tatu, matangazo na mifumo ya simu ilipiwe kwa muda wa matumizi, na kituo kikiuza rekodi kwa mtu wa tatu, aliyesikika apate sehemu yake. Kiwango tukae mezani tukipange, sina namba ya kuwashikia shingoni.

Nne, kazi za mayowe zisizidi muda wa saa 2 kwa awamu moja ya kurekodi, ziwekwe mwisho, na aliyezifanya asipangwe hewani asubuhi inayofuata. Uchunguzi wa koo uingie kwenye bima.

Tano, turudishiwe majina yetu, kwenye habari na kwenye kazi za uigizaji.

Nikilazimishwa kuchagua moja tu, nachagua la kwanza. Mengine tunaweza kuendelea kuyabishania tukiwa kazini kama tulivyozoea. Hilo haliwezi kusubiri, kwa kuwa kila siku nakala ile inapokuwepo kuna mtu anaweza kunisemesha nisichokisema.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Yasipokuja, nitapeleka shauri kwa chama cha wafanyakazi na kwa mamlaka inayosimamia utangazaji, na ikibidi mahakamani, nikiwa na rekodi ya tangazo lile na nakala za barua zenye mhuri wenu. Kwa sasa naendelea na zamu zangu kama kawaida. Hadi majibu yatakapopatikana sitarekodi tangazo lolote la biashara, na nimekwisha kumjulisha mkuu wa vipindi kwa maandishi. Ukisikia sauti yangu kwenye tangazo jipya kuanzia leo, Mheshimiwa, fahamu kwamba siyo mimi, na uulize idara ya biashara.

Wako mtiifu katika kazi,

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi na mwigizaji wa sauti

Nakala:
Mkuu wa Vipindi
Ofisa Rasilimali Watu
Mwanasheria wa Kituo
Watangazaji na waigizaji wote wa sauti, studio ya kwanza na ya pili